Sahihi ya Kwanza kwenye Orodha

Ofisini walimwita Kipimajoto, naye jina hilo alilipenda kupita kiasi. Mhandisi gani mwingine wa manispaa alitembea na kipimajoto mfukoni kama mwenzake anavyotembea na kitambaa cha kufutia jasho? Akiingia benki, anapima. Akialikwa harusini, anapima ukumbi. Siku moja alikipachika ukutani msibani, mpaka shemeji yake akamvuta shati na kumnong'oneza kwamba marehemu hasikii joto. Watu walijizuia kucheka, yeye akaandika namba kwenye kidaftari chake, yakaisha.

Tusimwonee, kazi aliijua. Miaka miwili mizima alikuwa akiandika upya kanuni za nishati katika majengo, yaani kitabu kinachosema nyumba ijengwe vipi na ikae vipi ili isile umeme ovyo. Mji ulikuwa unachemka. Feni zinazunguka mchana kutwa, viyoyozi vinanguruma, na kila wiki umeme unakatika kwa kuzidiwa. Ndani ya kitabu hicho kulikuwa na kifungu alichokipenda kuliko vyote, kifungu cha kumi na mbili: asipangishwe mtu chumba chenye bati tupu. Kila chumba cha kupanga kiwe na dari na tabaka la kuzuia joto juu yake, mwenye nyumba apewe cheti. Asiye na cheti, asipangishe.

Kifungu kile hakukiokota hewani, alikitoa chini ya bati lenyewe. Baba yake alipofariki, shangazi yake alimchukua, wakaishi chumba kimoja katika nyumba ya vyumba kumi na viwili vinavyozunguka ua wenye bomba moja. Miaka tisa alilala pale. Ikifika saa nane mchana bati linalia kwa joto, ta, ta, ta, na shangazi anamlowanishia shuka ajifunike mabegani aweze kusoma. Kwa hiyo alipoandika kifungu cha kumi na mbili alijiona analipa fadhila. Kwenye kompyuta aliijenga nyumba ya mfano, akaiezeka bati, akaiwekea wakazi wanne, akapachika dari, na joto likashuka digrii sita. Alipiga meza kwa furaha. Wale wakazi wanne walibaki mle mle ndani, hawakuambiwa wahame, kwa sababu kwenye kompyuta hakuna mwenye nyumba. Mtu amesoma mpaka macho yamemuuma, na hilo hakuliona!

Sasa tuje kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe asingependa tulitaje. Shangazi huyo huyo ndiye aliyekuwa akimletea chai ofisini. Ndiyo, huyo huyo. Kipimajoto alipopata cheo kidogo alimtafutia kazi ya chai na usafi, na siku ya kwanza akamwambia, huku anaangalia viatu vyake, "Shangazi, hapa ofisini tusiseme kwamba sisi ni ndugu. Watasema naingiza jamaa zangu." Hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili hakuitaja, na shangazi hakuiuliza. Alijibu, "Sawa, bosi," akacheka, na tangu siku hiyo akawa Mama Chai kwa watu wote, yeye akiwemo. Wapo vijana wa idara waliozoea kuiga mwendo wa Mama Chai, ule wa kuchechemea, akishatoka mlangoni. Kipimajoto alicheka pamoja nao.

Basi. Sheria ilitaka kanuni zisipite mpaka wapangaji washirikishwe: mkutano wa hadhara, na orodha ya mahudhurio yenye sahihi za wapangaji wasiopungua thelathini. Mkutano uliitishwa Jumanne saa nne asubuhi, wakati wapangaji wako makazini. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao ulio ndani ya geti la manispaa, pale ambapo mlinzi hamruhusu mtu kupita bila kitambulisho. Walikuja watu watatu. Mmoja alikuwa anatafuta choo.

Mkurugenzi akapiga simu. "Baraza linakaa kesho. Nataka thelathini, kijana wangu. Fanya ufanyavyo."

Fanya ufanyavyo! Kila mtu ofisini alijua maana yake. Mkutano ukikosa watu, unawakusanya madereva, walinzi na wafagizi, unawakalisha, wanasaini, wanakula chakula ambacho kimeshapikwa, mnapiga picha. Ndivyo ilivyokuwa miaka nenda miaka rudi, mkutano wa maji, wa barabara, wa masoko, watu wale wale. Kuna dereva mmoja ambaye kwenye orodha mbalimbali ameshawahi kuwa mkulima, mfugaji na mama mjamzito. Kipimajoto alijituliza kwamba safari hii hata si uongo. Hawa si wapangaji kweli? Wote wamepanga! Akaanzia jikoni.

"Mama Chai, njoo ukumbini mara moja. Kuna kusaini."

"Kusaini nini, bosi?"

"Ya chakula cha mchana tu."

Shangazi akafuta mikono, akamfuata. Kusaini alifundishwa na huyu huyu, enzi hizo yuko darasa la sita. Jioni walikuwa wanakaa mlangoni, mtoto amemshika mtu mzima mkono, anamwambia, "Kandamiza, Shangazi, karatasi isijue kwamba unaiogopa." Basi akakandamiza. Sahihi yake ikakaa mstari wa kwanza, na mkia mrefu chini yake kama alivyofundishwa. Ishirini na tisa wakafuata. Kwenye ripoti Kipimajoto akaandika: "Wapangaji walishirikishwa kikamilifu. Hakukuwa na pingamizi." Baraza likapitisha, makofi yakapigwa, Mkurugenzi akamshika bega mbele ya kamera, na kichwa cha mwenzetu kikavimba kwa wiki tatu.

Wiki ya tatu ndipo Mama Chai alipoingia na chai, akaufunga mlango nyuma yake. Hajawahi kuufunga. Chini ya kisahani kulikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa.

"Nisomee, baba," alisema. Hakusema bosi. "Miwani yangu imevunjika. Jina langu naliona hapo, hayo mengine siyaoni."

Karatasi ya kwanza ilikuwa notisi kutoka kwa mwenye nyumba, karani mstaafu ambaye Kipimajoto alimjua tangu utotoni, mzee asiye na makuu. Aliandika kwamba vyumba vyake vyote kumi na viwili havina dari, na uwezo wa kuziweka hana. Amepata mtu wa kuinunua nyumba, naye ataikarabati kwa mujibu wa kanuni mpya na kuweka wapangaji wa aina nyingine. Wote waliomo wahame ndani ya siku tisini. Chini akamalizia: "Wapangaji wenyewe waliridhia kanuni hizi, kama inavyoonekana kwenye orodha iliyoambatanishwa." Karatasi ya pili ndiyo hiyo orodha. Mstari wa kwanza, ule mkia.

Alisoma mara ya pili, akitumaini kwamba maneno yatakuwa mengine.

"Ni mambo ya mwenye nyumba," alisema. "Eti nyumba inahitaji matengenezo. Niachie, nitayashughulikia."

"Na jina langu?"

"Hiyo ni orodha tu, Shangazi. Ya mahudhurio."

"Ya chakula."

"Ya chakula."

Shangazi alimtazama kitambo. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo. Akachukua karatasi zake, akazikunja vile vile zilivyokuwa, akatoka. Chai ilipoa mpaka ikafanya utando.

Jumanne Kipimajoto alijiambia atakwenda kwa mwenye nyumba, hakwenda. Jumatano alijiambia siku tisini ni nyingi. Alhamisi alipita jikoni akamkuta shangazi yake anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi, akapita kimya kama mtu aliyekosea mlango. Ijumaa usingizi ulimkataa. Jumamosi mchana akavaa viatu akaenda.

Alikuwa hajakanyaga pale mwaka mzima. Alituma vitu, kwa sababu vitu ni rahisi kutuma. Ua ulikuwa ule ule, bomba lile lile, na foleni ya ndoo mbele yake, kila ndoo na mwenyewe. Ya shangazi aliijua, ya bluu, mfuniko wake umefungwa kwa waya. Haikuwa kwenye foleni. Ilikuwa imesukumwa kando, karibu na mlango wa choo, tupu.

"Jamani, si mwanetu huyu!" Aliyepaza sauti alikuwa Bibi Cherehani, mshonaji wa chumba cha kwanza, ambaye alimshonea kaptura zote za shule. "Mpeni kiti! Kile chenye miguu minne, si hicho!"

Akakalishwa kwenye kiti cha pekee kilicho kizima, watu wakamzunguka. Fundi baiskeli wa chumba cha nne, ambaye mkewe alikuwa mjamzito wa miezi minane, alifuta mkono kwenye suruali kabla ya kumsalimu. Kipimajoto alitamani ardhi ipasuke.

"Umekuja wakati wake, baba," alisema Bibi Cherehani. "Wewe umesoma, na uko huko huko manispaa. Kuna mtu amekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, akaandika tufukuzwe kwa sababu tunaona joto. Yaani kosa letu ni kuona joto! Miaka yote tunaomba dari. Leo dari inakuja, tunaambiwa tupishe waje wengine walale chini yake! Nitafutie mtu huyo umlete hapa, nimshone mdomo kwa uzi wa jinzi."

Ua mzima ukacheka. Na Kipimajoto naye akacheka. Jamani, akacheka.

"Na shangazi yako, utuwie radhi, ni mtu mzima, lakini katuuza," Bibi Cherehani aliendelea, na kicheko kikazimika. "Kasaini wa kwanza kabisa. Tumemuuliza hapa hapa uani, anasema alijua anachosaini. Anasema alitaka sahani ya chakula."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwake. "Ndivyo," alisema, akitazama chini. "Njaa ilinishika."

Njaa! Mwanamke yule njaa aliijua kuliko wote waliokuwa pale, na haikuwahi kumshika. Kipimajoto alikuwa shahidi wa miaka tisa ya kusikia, "Kula wewe, mimi nimeshiba," kwa mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Hapo ndipo alipoelewa. Shangazi yake hakuwaambia nani alimsainisha, alikuwa amemeza lawama yote peke yake ili jina la mtoto wake lisiguswe.

Kilichotakiwa ni maneno mawili tu: ni mimi. Hakuyasema.

"Nitaona la kufanya," akasema.

Wakamshukuru. Fundi baiskeli alimpa mikono yote miwili. "Tunakutegemea, kaka," alisema.

Akaingia chumbani kwa shangazi kama anayekimbia. Kitanda, meza, jiko, sanduku, kila kitu mahali pake. Juu ya sanduku, kwenye kitambaa kilichokunjwa vizuri, kulikuwa na miwani. Mizima, vioo vyote viwili.

"Haikuvunjika," alisema.

"Haikuvunjika."

"Ulijua imeandikwa nini."

"Bibi Cherehani alitusomea uani, neno kwa neno." Shangazi alikaa kitandani, akalinyoosha goti lake bovu. "Nilikuletea nikijua labda wewe utanisomea kama ilivyo. Nilitaka nione tu."

Kipimajoto aliona aibu. Si ile aibu ya kukosea hesabu mbele ya mkubwa wako. Hii ilimfanya ashindwe kusimama na ashindwe kukaa. Mkono, kwa mazoea tu, ukaingia mfukoni ukatoka na kipimajoto. Digrii thelathini na tisa.

"Unapima nini?" shangazi akauliza taratibu. "Si ulilala humu?"

Hapo akalia. Hakulia kile kilio cha wanaume cha kugeuza uso na kukohoa. Alilia cha kamasi, cha mabega kutikisika, na shangazi yake akampa ncha ya shuka ajifute.

"Kwa nini uliwaambia ulijua?"

"Niwaambie nini, baba? Wakijua ni wewe, hapa hukanyagi tena. Watoto wao nawaambia kila siku wasome wawe kama wewe. Mimi watanichukia, watachoka. Siku tisini zikiisha kila mtu atashika njia yake." Akalisugua goti. "Ila ndoo yangu wangeiacha. Goti hili haliendi mpaka bomba la barabarani."

Jumatatu asubuhi Kipimajoto alikuwa mbele ya meza ya Mkurugenzi kabla hata ya chai. Akamwambia kwamba kifungu cha kumi na mbili kinafukuza watu, kisimamishwe, kiandikwe upya.

"Kimeshapita," alisema Mkurugenzi. "Kinarudishwa kwa njia moja tu, ikithibitika kwamba orodha ya mahudhurio ni ya kupika. Na yaje malalamiko yenye sahihi thelathini za wapangaji wenyewe. Sasa nani atathibitisha kwamba orodha ilipikwa?"

"Aliyeipika. Mimi, kwa amri yako."

"Amri gani?" Mkurugenzi alicheka kwa dhati, kama aliyesikia kichekesho kizuri. "Mimi nilisema fanya ufanyavyo." Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Ukiandika hayo, kazi huna. Nafasi ya mhandisi mkuu nilikuwa nimeshakutaja. Nenda kapumzike, joto limekupanda kichwani."

Hakupumzika. Juma zima aliandika, akafuta, akaandika. Mtu aliyekuwa anaandika vifungu sitini kwa mwezi alishindwa na ukurasa mmoja. Kila alipofika mahali pa kusema alichofanya, kalamu ilitafuta pa kujificha: "ilitokea kwamba", "kulikuwa na upungufu", "sahihi zilipatikana". Alichana nyingi. Jumamosi akaupeleka uani ule ambao haukuchanika.

Walimletea kiti kile kile. Safari hii alikikataa, akasimama karibu na bomba. Shangazi alitoka chumbani, akaiona karatasi, akaelewa papo hapo.

"Usifanye hivyo, baba," alisema.

"Uliniomba nikusomee," alijibu. "Leo nakusomea yote."

Akaanza. "Mimi, mhandisi wa manispaa, ndiye niliyeandika kifungu cha kumi na mbili." Spana ya fundi baiskeli ilinyamaza. Mtu mmoja alisema, "Eee?" Sauti ya Kipimajoto ilikuwa nyembamba, ikikatika kama ya mtu anayepanda ngazi. "Wapangaji hawakushirikishwa. Nilikusanya watumishi wa ofisi nikawasainisha. Wa kwanza nilimwita mhudumu wa chai. Sikumweleza anachosaini. Aliponiuliza, nilimdanganya kwamba ni ya chakula."

"Rudia hapo," alisema Bibi Cherehani.

Akarudia.

"Huyo mhudumu wa chai ni nani?"

Walijua wote, lakini walitaka aseme. Macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Ni Shangazi."

"Mbona umeandika mhudumu?"

Jambo hilo hakulitegemea. La kifungu alijiandaa nalo, la orodha alijiandaa nalo, hili hapana. "Ofisini hawajui kama ni shangazi yangu," alisema. "Nilimwomba asiseme."

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

Hakuna aliyemtukana, na matusi yangemsaidia. Mke wa fundi baiskeli, na tumbo lake lile, aligeuka akamtazama shangazi, kisha akamtazama yeye kuanzia viatuni kwenda juu, akasonya kidogo. Shangazi akasogea mbele akichechemea. "Mwacheni, tulikubaliana mimi na yeye."

"Wewe nyamaza," Bibi Cherehani alimwambia, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umemfunika vya kutosha. Futa hapo, mhandisi. Andika vizuri."

Hakusema tena "baba". Kipimajoto akaiweka karatasi juu ya ukuta mfupi wa bomba, akafuta, akaandika mbele yao: shangazi yangu, aliyenilea.

Baada ya hapo wakamfanyisha kazi. Hawakumsamehe, walimfanyisha kazi tu. "Andika dari ziwekwe chumba kimoja kimoja, watu tukiwa humu humu," alisema fundi baiskeli. "Anayelazimika kutoka, arudi chumba chake kwa kodi ile ile." Mwingine akasema mzee mwenye nyumba naye asaidiwe mkopo na manispaa, maana hana kitu, si mbaya yule. Bibi Cherehani akataka mkutano ujao ufanyike uani, siku ya mapumziko, na vifungu visomwe kwa sauti mpaka kila mtu aseme ameelewa. Kipimajoto aliandika kila neno. Miaka miwili ya kompyuta, na hakuna hata moja kati ya hayo lililowahi kumjia kichwani.

Wakaanza kusaini. Wakaingia mstarini mmoja mmoja, mwingine anaitwa kutoka chumbani, mwingine anaamshwa. Bibi Cherehani alikuwa anahesabu kwa vidole. Watu wazima wa ua ule wote, ukimweka na mama mkwe wa fundi baiskeli aliyekuja kumsubiri mtoto azaliwe akahamia kabisa, walikuwa thelathini kamili. Ishirini na tisa walishasaini. Akabaki mmoja.

Shangazi hakusogea.

"Nikisaini, wanamfukuza kazi," alisema. Aliwaambia wao, hakumwambia yeye. "Nyinyi mnajua nilivyomsomesha?"

Walijua. Kila mmoja pale alikuwa na siku aliyowahi kumwona akirudi jioni na mikono imebabuka kwa sabuni ya kufulia watu. Bibi Cherehani akaenda mpaka karibu na choo, akaiinua ile ndoo ya bluu, akaileta bombani, akaziruka ndoo zote, akaitega ya kwanza. Hakusema samahani, alifungua maji tu.

Shangazi aliingia ndani akatoka na miwani. Akaivaa, akaishika karatasi, akaanza kuisoma mwenyewe, kidole kinafuata maneno, midomo inatembea. Alisoma polepole mno. Kipimajoto alisimama palepale na jasho linamtiririka mgongoni. Kidole kilipofika pale palipofutwa na kuandikwa upya, kikasimama. Kikakaa muda. Kisha kikaendelea mpaka mwisho.

Akachukua kalamu, akakandamiza, mstari wa thelathini, na mkia chini yake.

"Jumatatu nikileta chai, nikuite nani?" aliuliza, akimrudishia kalamu.

"Kama bado nitakuwepo."

"Ukiwepo."

"Niite baba. Mbele yao wote."

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, machozi yalikuwa yameijaza ukungu. "Haya," alisema. "Ibebe hiyo ndoo, imejaa."

Akaibeba. Kutoka bombani mpaka mlangoni kwa shangazi ni hatua kama ishirini, na alizitembea zote katikati ya watu waliomlea, na hakuna aliyemwambia pole wala karibu.